Kiti cha Ndege ya Tatu

Ghanim alikitambua kiti kabla ya kumtambua aliyekikalia. Ndiyo kwanza alikuwa amevua viatu mlangoni, kiuno kingali kizito kwa safari ya kutoka Sur. Akainua kichwa kutazama ndani ya ukumbi wa binamu yake Saud, na macho yakamwenda moja kwa moja kwenye bomba la chuma lililosimama nyuma ya kile kiti, refu, jeusi, limeegemea ukuta. Bomba la namna ile hakuwa amelitia machoni kwa miaka thelathini na nne.

Ndipo akaona kuwa kitini pana mtu, na mtu mwenyewe ni shangazi yake, Bi Mahfoudha, mama yake Saud, mwenye umri wa miaka themanini na nne, amefungwa mikanda mabegani na kiunoni, miguu haigusi chini.

"Mwanionaje?" alisema Bi Mahfoudha. "Uzee wangu wote huu, leo nimekuwa rubani."

Hamda, mkewe Ghanim, alicheka, akapiga hatua kwenda kumbusu mkono. "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu, njoo..."

"Hamda," Ghanim akaita. "Simama hapo hapo."

Hakupaza sauti. Lakini walikuwa wameishi pamoja miaka thelathini, na Hamda hakuwahi kuisikia sauti ile. Akasimama, mguu mmoja mbele, kama mtu aliyeonyeshwa nyoka.

Ilikuwa Ijumaa, baada ya sala, na walikuwa wamealikwa chakula cha mchana. Saud alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi mjini Ibra, na alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa, wa kukusanya vitu vikuukuu. Nyumba yake ya chini yote aliigeuza makumbusho. Mlikuwa na makasha ya njumu yaliyovuka bahari mara mbili, kwenda Unguja na kurudi, mlikuwa na magobori, mitungi, santuri, taa za kandili, na kabati la kioo lililojaa mapambo ya fedha ya wanawake wa zamani. Mkewe siku ile alikuwa Nizwa, kwa wifi yake Balqis, dada yake Saud, aliyejifungua, kwa hiyo nyumbani walikuwa wawili tu, mama na mwana.

Saud akatokea jikoni na birika la kahawa, kofia imekaa upande, uso umejaa furaha.

"Ahlan, ahlan! Ushakiona? Nimekaa mwezi mzima sikwambii, nilitaka nikustaajabishe. Nikasema, kiti hiki atakijua thamani yake Ghanim tu."

Na hapo ndipo palipokuwa na uchungu wake. Ukoo mzima, kuanzia Ibra hadi Sur, ulimjua Ghanim kuwa ni fundi wa viti vya marubani, vile viti vinavyomrusha rubani angani ndege inapoharibika. Hiyo ndiyo kazi aliyosomea alipoingia jeshini. Hakuna aliyejua kwamba aliifanya miaka minne tu.

"Umekipata wapi?" Ghanim aliuliza. Alikuwa hajatoka pale mlangoni.

"Maskati. Palikuwa na mzee wa Kiingereza akikaa huko tangu zamani, amefariki, wanawe wakauza vyombo. Yeye alikuwa nacho barazani, akikikalia kunywa chai. Lakini sikiliza, hiki si kiti cha ndege zenu mlizozoea. Hiki ni cha jeti ya vita ya wanamaji. Ina tumbo la mashua, wallahi, inaruka kutoka baharini na kutua baharini. Walitengeneza tatu za majaribio. Ya kwanza ilizama, ya pili ikaanguka, ya tatu wakubwa wakaghairi, wakaikata vipande. Haikuingia kiwandani hata siku moja. Yule mzee alikuwa kijana katika karakana ile, akachukua kiti kwa ukumbusho. Dunia nzima hakuna kingine!"

Ghanim alisikia kila neno, na kila neno lilimzidishia hofu. Viti alivyojifunza yeye vilikuwa na vitabu vyake, kurasa mia tatu, kila msumari una jina. Kiti cha ndege iliyofika kiwandani hufanana na mwenzake. Ukikijua kimoja umevijua elfu. Hiki kilitengenezwa kwa mikono, na watu ambao sasa wote walikuwa kaburini, na kilichoandikwa juu yake kilitupwa siku ndege ilipokatwa vipande. Hakuna wa kumpigia simu amuulize.

Akautazama mpini ulio juu ya kichwa cha Bi Mahfoudha. Ulikuwa kama mpini wa ndoo, mistari ya njano na nyeusi. Katika viti alivyovijua yeye, rubani huuvuta mpini ule kwa mikono miwili, kitambaa kinashuka kumfunika uso, na nyuma ya kichwa waya unachomoa kabari ndogo ya chuma. Kabari ikitoka, sindano inashuka. Sindano ikishuka, baruti inawaka, na kiti na aliyemo vinapanda juu ya bomba kwa nguvu inayoweza kumvunja mtu mgongo hata kama juu yake pana mbingu tupu. Juu ya Bi Mahfoudha palikuwa na dari ya zege.

Na kwenye mpini ule palikuwa pametundikwa mkoba.

"Nani kautundika mkoba huo?"

"Mama. Hataki kuuweka chini." Saud alikuwa akimimina kahawa. "Nimemfunga mikanda nimpige picha nimpelekee Balqis, sasa kufuli la mikanda limekwama, halifunguki. Nilitaka wewe ulitazame. Kilipokuja chote kilikuwa kutu tupu, hapana kitu kinachotikisika. Nimekaa nacho siku tatu na kopo la mafuta. Shuf, tazama, sasa kila kitu chateleza."

Kutu ndiyo iliyokuwa ikiwalinda watu wote waliowahi kukikalia kile kiti, miaka sabini na ushei, na Saud alikuwa ameiosha.

Ghanim alitembea. Hakukumbuka baadaye kama aliamua kutembea. Alipita ukutani, hatua moja baada ya nyingine, mpaka nyuma ya kiti, akavuta kigoda cha kamba, akapanda, akachungulia. Kabari ilikuwepo, juu ya bomba, mahali pale pale alipoitarajia. Ilikuwa imetoka zaidi ya nusu. Chuma kilichobaki ndani kilikuwa upana wa ukucha wa kidole kidogo, nacho kinang'aa mafuta. Pini ya usalama haikuwepo. Palikuwa na tundu lake tu. Na pembeni ya waya ule mmoja palikuwa na waya wa pili, mwembamba, ulioshuka chini ya kiti ukapotea. Waya huo hakuujua. Hakuwahi kuuona katika kiti chochote.

Mkoba ulikuwa ukiyumba kidogo kidogo kila Bi Mahfoudha anapovuta pumzi.

Alishuka kigodani polepole, akamwendea Saud, akamshika mkono wa kanzu, akamwambia sikioni kilichokuwepo.

"Baruti ya miaka sabini?" Saud alinong'ona, tabasamu likikataa kuondoka usoni. "Ishakuwa unga hiyo, yaakhi."

"Huenda. Na huenda imekuwa mbaya zaidi kuliko ilipokuwa mpya. Mimi sijui, na wewe hujui."

Tabasamu likaondoka. Saud akatoa simu, akakosea namba ya polisi mara mbili. Aliyepokea alimwambia wasiguse kitu, watoke wote, wataalamu wa mabomu watafika baada ya saa moja na robo.

"Watoke wote," Saud alirudia, akimtazama mama yake. "Anasema tutoke wote."

"Nitaikata mikanda," akasema tena, na tayari alikuwa amegeuka kutafuta kisu.

"Usimguse! Kiti hakikufungwa chini, kimeegemea tu. Ukivuta mkanda kitayumba, mkoba nao utayumba."

"Mbona mwanong'onezana?" Bi Mahfoudha aliuliza. Masikio yake yalikuwa mazito kidogo, au ndivyo ukoo ulivyoamini. "Nani kafa?"

Ghanim akaja mbele yake, akachuchumaa ili macho yao yawe sawa. Mkono wa kulia wa bibi ulikuwa pajani. Wa kushoto, wenye bangili mbili, ulikuwa umepumzika juu ya kijiti chekundu cha chuma kilichochomoza ubavuni mwa kiti. Hicho nacho hakukijua. Labda ndiko ulikokuwa ukienda ule waya wa pili.

"Shangazi, nataka unisaidie jambo moja. Usitikisike."

"Kwa umri huu, nitikisike nende wapi?"

"Hata kichwa. Na mkono wako huo wa kushoto, uache hivyo hivyo ulivyo. Usiuinue, usiukandamize."

"Na sala yangu ya adhuhuri?"

"Utasali hapo ulipo, kwa macho na kwa moyo."

Bi Mahfoudha akamtazama. Alimtazama muda mrefu, kama alivyokuwa akimtazama udogoni alipokuwa na homa. Kisha akasema, "Haya, baba."

Simu ikalia ndani ya mkoba.

Haikuwa na sauti kubwa. Kilichokuwa kikubwa ni ule mtetemo, ngozi ya mkoba ikipigapiga chuma, na mpini ukashuka. Ghanim aliuona ukishuka, unene wa uzi wa kushonea, halafu uzi wa pili. Kitambaa kilichokunjwa ndani kilichungulia. Saud akatoa sauti kama ya mtu aliyekabwa. Simu ikalia mara nne, tano, sita, ikanyamaza.

"Ni Balqis," Bi Mahfoudha alisema bila kufumbua midomo sana. "Asipojibiwa hupiga tena."

Kabla Ghanim hajafikiri, Hamda alikuwa amekwishafika. Alikuja kwa ubavu, nyayo tupu, akakunjua viganja vyote viwili akaviweka chini ya mkoba, akaupokea uzito wake taratibu sana, kama mtu anayepokea kitoto kichanga kilicholala. Hakuuinua. Aliuzuia tu usishuke.

"Hamda, toka nje."

"Mpigieni huyo Balqis," Hamda alisema, "kabla hajapiga tena."

Saud akakimbilia uani. Wakamsikia akipiga kelele kwenye simu, "Usimpigie mama! Nasema usimpigie! Baadaye, nitakwambia baadaye!" halafu sauti yake ikapasuka ikawa kilio.

Ghanim akarudi kigodani. Kabari sasa ilikuwa imebaki upana wa nusu ukucha. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeweza kuieleza. Irudishe kabari ndani kwa kidole gumba, tundu la kabari lilingane na tundu la bomba, pitisha pini. Alihitaji pini. Saud aliporudi, macho mekundu, Ghanim akamwomba kitu chembamba cha chuma. Saud akaleta misumari ya kila aina, mwenye duka la ujenzi hakosi msumari, lakini minene haikuingia na myembamba ililegea na kucheza tunduni. Ghanim akatupa macho ukumbini. Ndani ya kabati la kioo, kati ya mikufu na vikuku, palilala mirwadi, kile kijiti cha kupakia wanja.

"Kile pale."

"Kile cha bibi mzaa mama, kina miaka mia na..." Saud akajisikia mwenyewe akisema maneno hayo. Akafungua kabati haraka hata kioo kikamkata.

Kijiti kile, tofauti na vingine alivyoviona, kilikuwa cha chuma kilichopakwa fedha. Ghanim alikijaribu kwenye tundu la bomba, kikaingia kama kilichopimwa. Sasa ilibaki kabari. Akaweka kidole gumba juu yake.

Mkono ulitetemeka. Hakuweza kuuzuia. Ulitetemeka kuanzia begani, na kidole kilichogusa chuma kile chenye mafuta kilikuwa kikikisukuma huku na huku, ndani na nje. Akaondoa kidole.

Aliona bati. Hilo ndilo alilokuwa akiliona kila mara, bati la paa la karakana ya kambi ya jangwani, na tundu ndani yake ambamo mwanga wa jua ulipita kama nguzo. Alikuwa ameinama kuokota kitambaa cha kupangusia. Rafiki yake Musabbah, kijana wa Manah, mcheshi, ndiyo kwanza alikuwa amejipandisha kitini ili afikie kitu cha juu. Hapakuwa na kosa la mtu, waliandika baadaye. Kiti kilikuwa kikuukuu. Ghanim aliposimama na kitambaa mkononi, kiti hakikuwepo na Musabbah hakuwepo, palikuwa na lile tundu. Kesho yake aliomba ahamishwe. Akapelekwa ghalani, akakaa huko akigawa viatu na mablanketi mpaka alipostaafu, na kila alipokwenda likizo watu walimwita fundi, naye akaitika.

Akashuka kigodani. Akasogea mpaka sikio la mkewe.

"Hamda, mimi siwezi."

"Wewe ndiye fundi."

"Si fundi. Nilikuwa nagawa viatu. Miaka yote hiyo, Hamda, nilikuwa nagawa viatu ghalani. Aliuawa mtu mbele yangu nikakimbia kazi. Tusubiri hao watu waje."

Hamda hakugeuza uso. Jasho lilikuwa limemtiririka mpaka kidevuni, na Ghanim aliona kwamba vidole vyake vimeanza kuwa vyeupe.

"Watu hao wako mbali," Hamda alisema. "Na mikono yangu inachoka, Ghanim. Si kesho. Sasa hivi inachoka."

"Saud atakushika mkono."

"Saud analia. Akija hapa atautikisa."

Ghanim akamtazama Saud. Saud alikuwa amekaa chini kando ya kasha la njumu, damu ya kidole imeingia kwenye kanzu, anasoma Ayatul Kursiy kwa haraka bila kupumua. Akamtazama shangazi yake. Bi Mahfoudha alikuwa amefumba macho na midomo yake ilikuwa inacheza.

Akapanda tena.

Safari hii hakujaribu kuuzuia mkono usitetemeke. Aliuegemeza. Alibandika kiwiko chake ukutani, kifundo cha mkono akakilaza juu ya bomba lenyewe, uso wake ukawa juu kabisa ya mdomo wa kile chuma, mahali ambapo hakuna fundi mwenye akili angeweka uso wake. Alisikia harufu ya mafuta mapya na, chini yake, harufu nyingine ya zamani, kavu, kama ya kiberiti kilichowashwa chumba cha pili. Akajua harufu ile. Haja ndogo ikataka kumtoka, akaibana.

"Hamda, inua. Kidogo. Unene wa shilingi."

Waya ukalegea.

"Basi. Usiongeze."

Akasukuma. Kabari haikwenda. Springi ya sindano ilikuwa ikiibana kutoka chini, mbichi kama ya jana, na mafuta yalifanya kidole kiteleze. Akafuta kidole kwenye kanzu yake, akasukuma tena, kwa ncha ya ukucha. Ukucha ukakunjika, ukavunjika. Kabari ikaingia kiasi cha punje ya mchele. Akasukuma. Punje ya pili. Ndani ya bomba kitu kikalia tik, kidogo tu, kama kijiko kilichogusa kikombe, na Ghanim akafumba macho.

Akangoja. Aliwasikia watu wanne wakivuta pumzi ndani ya chumba kimoja.

Alipofumbua macho, tundu lilikuwa limelingana na tundu. Aliona mwanga upande wa pili, mdogo kama kichwa cha sindano. Akachukua kwa meno mirwadi aliyoiacha juu ya bomba, kwa sababu mkono wa pili ulikuwa umekufa ganzi, akaishusha mpaka vidole vilivyo kando ya kabari vikaipokea, akaipitisha. Ikaingia. Ikatokea ng'ambo.

"Achia," alisema. Akasema tena, "Hamda, achia polepole, uondoe mkoba."

Hata hapo hakuondoa kidole chake. Waliokata mikanda ni Saud na Hamda, kwa mkasi wa jikoni, uzi kwa uzi, huku yeye amesimama juu ya kigoda amekandamiza kabari ambayo haikuhitaji tena kukandamizwa. Ule mkono wa kushoto wa Bi Mahfoudha, Hamda aliuondoa mwenyewe kwenye kijiti chekundu, kidole kimoja kimoja, kama anayemvua mtoto pete. Hapakutokea kitu. Saud akambeba mama yake mikononi akatoka naye mbio mpaka nje ya geti, na Hamda akarudi kumfuata mumewe.

"Kwisha, Ghanim. Shuka."

"Siwezi kushuka."

Akamshika kiuno akamshusha.

Walikaa ndani ya gari la Ghanim, mbali na nyumba, kipozahewa kinavuma, wakiwangoja wale watu. Saud alikuwa barabarani akiwazuia majirani. Bi Mahfoudha alikuwa kiti cha nyuma na Hamda, shuka limetandazwa magotini. Halafu Ghanim alimsikia shangazi yake akimwambia mkewe kwa sauti ya chini sana, "Hamda, mwanangu, nitafutie kanga nyingine. Hii imeharibika. Nilikuwa nimejikaza, lakini ilipolia ile simu... Usimwambie mtu."

Ghanim alitazama mbele, kwenye kioo, kama asiyesikia.

"Nilijua tangu uliposema nisali kwa macho," Bi Mahfoudha akasema, sasa kwa sauti ya kawaida, na Ghanim akajua kuwa anaambiwa yeye. "Masikio yangu si mabovu kama mnavyodhani. Maneno ya viatu pia nimeyasikia."

"Nisamehe, shangazi."

"Nikusamehe nini? Ungetoka mbio ningekusamehe. Hukutoka." Akapumua. "Lakini kijana wa watu aliyekufa, umekaa naye kifuani peke yako miaka yote hiyo. Hilo ndilo baya. Haya tuambie. Alikuwa nani?"

Akawaambia. Hakusema vizuri, alirukaruka, akaanza na bati kabla ya kuanza na Musabbah. Alipofika kwenye tundu la mwanga, lori la wataalamu wa mabomu likaingia kichochoroni, na hakumaliza.

Afisa wao aliitwa Azzan, mtu mpole wa maneno machache. Aliingia, akakaa ndani dakika kumi, akatoka, akamwuliza Ghanim ni nani aliyeweka kile kijiti cha wanja. Ghanim akasema ni yeye. Azzan akampa mkono, akaushikilia kidogo, akaushika na kwa mkono wa pili. Waliondoka na kiti jioni, ndani ya sanduku la mchanga.

Siku ya nne Azzan akapiga simu Sur. Ghanim alikuwa mezani, Hamda ametenga wali na papa wa kukaanga.

Kile kijiti chekundu, Azzan alisema, kilikuwa cha kupandisha na kushusha kiti tu. Ule waya wa pili haukufungwa popote. Waliokitengeneza walikuwa bado hawajaamua wautumie kwa kazi gani. Ghanim akashukuru. Hakutaka kuuliza lililobaki, lakini ulimi ukauliza.

"Na baruti?"

"Zilikuwemo fataki tatu, moja juu ya nyingine. Tulizipeleka bondeni. Mbili za chini zimekuwa kama udongo, hazikushika moto. Ya juu, ile iliyo chini ya sindano, iliwaka."

Ghanim akaweka simu mezani. Akafinyanga tonge, akalirudisha sahanini. Alidhani hofu yake aliimaliza yote siku ile juu ya kigoda. Sasa ndiyo ilikuwa inakuja, safi, imenyooka, wala hapakuwa na kazi ya kumsahaulisha. Aliiona dari ya zege. Alimwona Hamda amesimama ubavuni, viganja juu.

"Wamesemaje?" Hamda aliuliza.

Angeweza kusema ilikuwa unga. Alikuwa amesema mengi ya namna hiyo maishani mwake.

"Ilikuwa hai."

Hamda akaketi. Akaigeuza mikono yake juu ya kitambaa cha meza akaitazama, mbele na nyuma, kana kwamba ni ya mtu mwingine.

"Ungeniambia nitoke," alisema.

"Nilikwambia."

"Hukuniambia kwa nguvu."

Ghanim alivuta kiti chake kikakwaruza sakafu, wote wawili wakashtuka kwa ule mkwaruzo, kisha akaishika ile mikono. Ilikuwa baridi. Chakula kikapoa mbele yao, samaki akaingiwa na nzi, na wakakaa hivyo mpaka adhana ya alasiri, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuinuka.